Mama Maziwa na Misuli ya Chini

Siku ya kwanza Mama Maziwa alipokuja hospitalini, aligombana na karani wa mapokezi kabla hata hajaketi. Karani alikuwa kijana mpole kutoka Meru, mgeni Garissa, na alimwuliza swali analomwuliza kila mtu: "Mama, kadi iko wapi?"

Mama Maziwa akatua mkoba wake mezani. "Kadi?"

"Ndiyo, Mama. Kadi yako."

"Wewe kijana," akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye dirisha la dawa, "kama ningekuwa najua iko wapi, ningekuja hospitali?"

Kwa Kisomali, kaadi ni mkojo. Benchi zima la wanawake likaficha nyuso ndani ya mitandio, mabega yakitikisika. Yule karani alitazama kulia na kushoto kama mtu aliyeingia msibani akiimba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba changu, na ilinibidi nirudi ndani nijikohoze kwanza ndipo nitoke nikiwa na sura ya kikazi.

Mpaka leo sijui kama alisikia vibaya au alifanya makusudi. Amefanya biashara ya maziwa ya ngamia mjini Garissa miaka na miaka, ana kadi ya hiki na leseni ya kile. Nilipomwuliza baadaye, alinikazia macho tu. Uso wake haukusogea hata kidogo.

Sitamtaja jina. Nilimwomba ruhusa ya kuandika habari zake, akanipa kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisiseme kwamba maziwa yake yana maji. Basi sitaji jina. Na maziwa yake hayana maji. Wala sitaanza na alizaliwa wapi na nani alimzaa nani, kwa maana nilimwuliza ukoo wake siku moja, kwa adabu tu, na tulipofika kwa babu wa nne muda wa mgonjwa aliyefuata ulikuwa umekwisha.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Kwetu Voi wanadhani nakanda wachezaji mpira. Kazi yangu Garissa ni ya wanawake, katika chumba kidogo mwishoni mwa ukumbi, chenye kitanda, pazia na feni inayozunguka inapotaka. Chini kabisa ya kiwiliwili, ndani ya nyonga, kuna misuli iliyotandikwa kama kamba za kitanda, na juu yake vimelala kibofu, mji wa mimba na utumbo. Uzazi, mizigo mizito na umri huilegeza hiyo misuli. Kitanda kikibonyea, mwanamke akipiga chafya, mkojo unamtoka. Tiba yake kubwa ni mazoezi, na mazoezi hayawi sawa kwa wanawake wawili. Mmoja misuli imelegea, mwingine imekakamaa na anachohitaji ni kufundishwa kupumzika. Kwa hiyo kila mmoja namkalisha, namwuliza maisha yake yalivyo, halafu namtengenezea mpango wake mwenyewe.

Nilipomkalisha Mama Maziwa, hakuanza na mkojo. Alianza na Mandera.

"Binti yangu wa mwisho anaolewa Mandera," alisema. "Baada ya mfungo."

"Hongera, Mama."

"Bado hapana hongera. Mama ya bibi harusi lazima acheze buraanbur."

Buraanbur nilikuwa nimeiona. Ni wanawake pekee, ngoma na mashairi, na mchezaji huingia katikati akaruka na kukanyaga chini mpaka mtandio unapaa kama bendera. Mama wa bibi harusi asipoingia, watu hunong'ona kwamba ndoa haikumpendeza.

"Nikiruka," alisema, akageukia dirisha, "nitaaibika mbele ya wakwe."

Mengine akayatoa kidogo kidogo, kama mtu anayechomoa miiba. Kila akikohoa ilibidi atie udhu upya kabla ya kuswali. Kwenye mikusanyiko alikaa karibu na mlango. Maji alikuwa ameacha kunywa, kwa joto hili la Garissa, ila chai alikunywa bila kipimo kwa sababu chai, kwa maoni yake, si maji. Na basi la Mandera lilimtisha kuliko shifta, wale majambazi wa porini, kwani basi husimama linapotaka lenyewe.

"Na sicheki," alimalizia. "Miaka mingi, abaayo, sicheki."

Abaayo ni dada. Akiniita hivyo mambo ni mazuri; akiniita daktari nimekosea kitu. Niliduwaa, kwa sababu sokoni alisifika kuwa mwanamke mchekeshaji kuliko wote. Watu walipita kwake hata bila chupa, wamsikilize tu akimtania mwenye lori la maziwa. Na kweli, hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Wote walidhani ndio ustadi wake, kusema jambo la kuvunja mbavu na uso mkavu kama ukuta.

"Nawachekesha wao," alisema. "Wacheke kwa niaba yangu."

Nilipomlaza nyuma ya pazia nimpime, shughuli inayohitaji utulivu wa pande zote mbili, aliona huo ndio wakati mwafaka wa kunihoji.

"Umeolewa?"

"Bado, Mama. Hebu kaza kidogo."

"Nakaza. Kwa nini bado?"

"Sasa legeza."

"Nimelegeza. Mtoto ya dada yangu ana lori."

"Vuta pumzi taratibu."

"Lori mbili, kusema kweli."

"Mama, mimi ni Mkristo."

"Hiyo tutaongea mbele," alisema, kichwa juu ya mto. "Lori iko fizuri sana."

Hivyo ndivyo alivyosema Kiswahili: pole ikawa bole, vizuri ikawa fizuri, na ngeli za majina alizitupa nje kama mzigo usio na faida. Alinielewa kila neno, na mimi nilimwelewa zaidi ya nilivyotaka.

Tatizo lilikuja kwenye idadi. Nilimwambia akaze na kulegeza mara kumi, asubuhi, mchana na jioni.

"Tatu," alisema.

"Mama, hapa si soko la mbuzi. Ni kumi."

"Kila kitu ni mbuzi. Nne."

"Misuli yako ndiyo inataka kumi, si mimi."

Alisimama, akajitanda, akachukua mkoba, akaenda hadi mlangoni bila haraka. Nilikuwa nimekaa Garissa muda wa kutosha kuujua mwendo ule. Ni mwendo wa mnunuzi anayekuachia mbuzi wako huku masikio yake yakikusubiri umwite. Nilijiambia sitamwita, kwamba mimi ni mtaalamu mwenye cheti ukutani.

"Saba!" nikaita.

"Sita," akajibu bila kugeuka. Tukashikana mikono.

Kuanzia siku hiyo, jambo lolote nililotaka kwake nililianza juu. Nikitaka anywe maji gilasi sita, nilidai kumi na mbili, akateremka hadi saba, tukaachana kila mmoja akijiona mshindi. Chuoni hawakunifundisha hivyo, lakini huo ndio ulikuwa mpango uliomfaa yeye, na ukimpa mwingine ataugua.

Juma lililofuata nilimwuliza mazoezi yanaendaje.

"Fizuri sana. Hakuna siku imepotea."

Nilimsifu. Nikampima, nikakuta misuli iko vilevile, haina habari.

"Mama, umefanya kweli?"

"Imefanywa."

"Imefanywa na nani?"

Hapo akanieleza, kwa subira, kwamba asubuhi yuko sokoni, mchana yuko sokoni, jioni ana wageni, kwa hiyo kazi hiyo alimpa mke wa mwanawe. Msichana alikuwa hodari. Aliketi kwenye mkeka kila siku akafanya zote sita, na mara nyingine akaongeza.

"Mama, mazoezi hayafanywi na mtu mwingine!"

"Ananioshea mitungi. Ananipikia. Hii nayo ina ugumu gani?"

"Misuli inayopata nguvu ni yake, si yako."

Alihesabu siku kwa vidole. Kisha macho yake yakawa madogo. "Kumbe," alisema. "Ananifaidi, na ameninyamazia."

Basi ikawa lazima afanye mwenyewe, na hapo tukagundua kwamba hajui misuli yenyewe iko wapi. Nilimwambia akaze kama anayezuia mkojo. Akaniuliza, daktari, ningeweza kuuzuia ningekuwa hapa? Nikamwambia afikirie lifti inayopanda ghorofani. Hakuwa amepanda lifti maishani wala hakuiamini. Nikamwambia afikirie uzi unaovutwa kwenda juu. Akakaza taya, akakaza ngumi, akakaza nyusi, akakaza kila kitu isipokuwa kile nilichotaka.

Tulichoka. Feni ilikuwa imesimama. Nikamwuliza habari za kazi yake: je, ngamia wote hutoa maziwa vizuri?

"Ngamia?" alisema. "Ngamia ana kiburi. Ukimuudhi, anayapandisha. Unakamua, unakamua, hakuna kitu. Maziwa iko, lakini ameyafuta juu."

"Anayavuta juu vipi?"

"Hivi," alisema, akajikweza kitini kama ngamia jike aliyetukanwa, kidevu juu, macho nusu wazi. Kisha kwa mara ya kwanza nikaona uso wake ukibadilika. Macho yakamtoka.

"Abaayo," alinong'ona. "Kuna kitu huko chini kimepanda."

Nilimpigia makofi. Tangu hapo hatukusema kaza. Tulisema ngamia amekasirika.

Siri yake aliilinda kwa namna ya ajabu. Alikuja amejifunika hata macho hayaonekani vizuri, akapitia geti la nyuma, akamtuma dereva wa tuk-tuk amsubiri mbali kwenye kituo cha mafuta. Kisha akiingia chumbani alizungumza kwa sauti ileile ya kuuzia maziwa, na ukumbi mzima ukapata habari za kibofu chake. Sokoni alisema mimi ni daktari wake wa mgongo. Ila aliwaambia kwa namna ambayo kila mwanamke mwenye shida alielewa, na wakaanza kuja. Wa kwanza, mke wa mwalimu kutoka Kisii, aliketi akasema anaumwa mgongo. Akaja muuza vitambaa aliyekimbilia Dadaab zamani, naye mgongo. Akaja polisi wa kike, mgongo. Neno hilo likawa halina tena uhusiano na mgongo. Mzee mmoja mwenye mgongo wa kweli, aliyeinama kama mundu, aliketi asubuhi moja kwenye benchi katikati yao, nao wakamtazama wote kwa pamoja mpaka akainuka akaondoka amenyooka. Nilimkimbilia nje nikampeleka kwa mwenzangu.

Mfungo ulipokaribia, nikaona wakati umefika wa kujaribu kuruka. Nilifunga mlango, nikavuta pazia. Mama Maziwa akajifunga mtandio kiunoni, akaruka mara moja, mruko mdogo tu.

Akasimama. Akatazama sakafu katikati ya miguu yake. Akafungua mtandio kiunoni, akajifunika vizuri, akatoka. Safari hii mwendo wake mlangoni haukuwa wa kunisubiri nimwite. Niliita, na hakugeuka.

Hakurudi siku ya miadi, wala iliyofuata. Mimi si mtu wa kuwafuata wagonjwa, lakini nilikosa usingizi. Asubuhi moja kabla ya kazi nikaenda soko la maziwa. Magari yalikuwa yanashusha mitungi ya manjano, wanawake wanagombea nafasi, na Mama Maziwa alikuwa katikati anajinyanyulia mitungi yake mwenyewe, kwa sababu makuli hakuwaamini hata kidogo.

"Umekuja kununua au kuangalia?" aliniuliza bila salamu.

"Nimekuja kununua." Nikanunua kikombe nikakaa juu ya mtungi uliogeuzwa, nikanywa huku naangalia.

"Mandera siendi," alisema baada ya kitambo, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. "Nitasema naumwa. Watacheza bila mimi."

"Na binti?"

Alishika mtungi, akajaza kifua hewa, akaibana, akaunyanyua huku amevimba mashavu. Nikaona vizuri: kila mtungi alibana pumzi, na kila alipobana pumzi mzigo wote uliangukia ile misuli ya chini. Nilikuwa nimemwuliza ananyanyua nini. Sikuwa nimemwuliza ananyanyua vipi.

"Mama, na mazoezi uliacha?"

"Niache?" Akakasirika. "Tangu uliponifundisha ngamia, sijaacha hata kidogo. Hata sasa."

"Hata sasa nini?"

"Hata sasa nimekaza."

"Umekaza tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Nilishusha kikombe. "Mama Maziwa, hujawahi kulegeza?"

"Kulegeza ilikuwa kwenye mkataba?"

Ilikuwa kwenye mkataba, nilimwambia, nusu nzima ya mkataba. Misuli inayobanwa mchana kutwa huchoka kama kuli, na ukiihitaji ghafla haina nguvu iliyobaki. Alinisikiliza amekunja uso. Mwanamke huyu kila mtu alimjua kwa kupunguza idadi, kumbe hilo moja alikuwa amelizidisha kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumwona, kwa hofu tu, na hakuniambia.

"Basi niambie," nikasema, "yule ngamia aliyekasirika. Mnafanya nini ili akubali tena kutoa maziwa?"

"Unamletea nirig." Nirig ni ndama wa ngamia. "Akimwona mtoto wake, akimnusa, anasahau. Anaachilia bole bole."

Wanunuzi walimwita, hakuitika. Taratibu mabega yake yakashuka, kisha tumbo, kisha akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo alioubeba kutoka Liboi kwa miguu.

"Nirig amekuja," alisema.

Pale pale nikamfundisha kutoa pumzi anaponyanyua. Akauelekea mtungi akaunyanyua akipuliza "fuuu", na wanawake wa meza za jirani wakataka kujua anapoza nini. Akawaambia ni dawa ya mgongo. Soko zima likaanza kunyanyua mitungi kwa fuuu.

Mazoezi ya kuruka tukayaanza upya, kutoka chini kabisa: kwanza kuinuka juu ya vidole vya miguu, kisha kuteremka kwa kishindo kidogo, kisha kukanyaga kwa mguu mmoja. Ngoma hatukuwa nayo, nikapiga beseni. Tulikuwa tumefika kwenye mruko kamili, mimi nimepakata beseni nalidunda kwa viganja, yeye anapaa na mtandio wake, mlango ulipogongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja. Alikuwa msimamizi wa hospitali, mtu wa Kakamega, amevaa tai, na nyuma yake wageni wawili kutoka Nairobi waliokuja kukagua vyumba.

"Daktari," alisema, "hii ni harusi?"

"Ni tiba," nikasema, beseni bado mapajani.

"Harusi iko Mandera," Mama Maziwa alimweleza akihema. "Umealikwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi funga mlango."

Akaufunga.

Alisafiri baada ya Idi. Sikupata habari kwa majuma, na nilimwaza kuliko nilivyokubali kusema. Aliporudi alikuja hospitalini kupitia geti la mbele, uso wazi, akaketi kitini kwangu akaweka mezani kifurushi cha nyirinyiri, nyama kavu ya ngamia iliyokaangwa.

"Safari ilikuwaje?" nikauliza.

Alinieleza kwa uso wake uleule wa ukuta. Njiani basi lilisimamishwa ukaguzini, na askari kijana akapita kati ya viti akiangalia vitambulisho. Mama Maziwa alikuwa amechagua wakati huo kufanya seti yake ya mchana. Askari akasimama mbele yake.

"Mama, mbona unakaa hivyo? Unaficha nini?"

"Sifichi kitu. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi gani? Mbona sioni ukisogea?"

"Ni ya ndani. Daktari alinipa."

"Hebu yafanye nione."

"Nimeshafanya tatu ukiangalia."

Askari alimkazia macho. Abiria wote walimkazia macho. Mama Maziwa akamkazia askari macho, akampandishia ngamia mara ya nne. "Nenda ukamwulize mama yako," akamwambia kwa upole. "Atakuelewesha." Askari akamrudishia kitambulisho chake kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa nimeshalala juu ya meza kwa kicheko. Nilipoinua kichwa nikaona midomo yake inacheza. Kisha kikamponyoka: kicheko kikubwa, kibovu, chenye mkwaruzo, kama mlango usiofunguliwa miaka. Akakikata katikati. Akainua kidole kunizuia. Akatazama dari, akisikiliza huko chini kama mtu anayesikiliza mtoto aliyelala chumba cha pili.

"Hakuna kitu," alisema.

Akaendelea kucheka pale alipoachia. Alicheka mpaka yule karani wa Meru akaja kuchungulia, na alipomwona karani akacheka upya. Ya harusi nilikuja kuyapata baadaye kwa watu wengine, kwamba aliruka mpaka mama wa bwana harusi akaomba maji.

Yamepita miaka kadhaa. Maziwa nanunua kwake bado, na bado ananipunja kidogo kwa sababu, asemavyo, mimi na yeye ni ndugu. Habari za yule mwenye lori mbili alizikatisha mwenyewe baada ya lori moja kuuzwa. Hospitalini hakuwa na haja ya kuja tena, kwa hiyo mwezi uliopita nilishangaa kumwona mlangoni asubuhi, amemshika mkono mwanamke mwembamba, mdogo wake kwa umri, anayetazama sakafu.

"Karibuni," nilisema. "Huyu ni nani, Mama?"

"Huyu ni mke ya mume wangu."

Nilifikiri ni ngeli zimempotea. "Lakini mke wa mume wako si wewe?"

"Mimi ni wa kwanza. Huyu ni yule mwingine."

Nilikaa chini. Nilijua Mama Maziwa alivyokohoa, alivyolala, alivyozaa kila mtoto, chai aliyokunywa na saa aliyoinywa. "Miaka yote hii hukuniambia una mke mwenza!"

"Hukuuliza. Uliuliza habari za misuli. Huyu si misuli."

Yule mwenzake akaendelea kutazama sakafu, ila niliona pembe ya mdomo ikisogea.

Mama Maziwa akanieleza mbele yake, kana kwamba hayupo. Hawajasemezana vizuri tangu huyu alipoolewa. Wakiwa na ujumbe, watoto ndio waliupeleka. Majuzi walikutana kwenye maziko ya shemeji yao, wakaketi mkeka mmoja kwa kukosa nafasi. Mazungumzo yalipokolea, huyu akainuka ghafla akaenda nje. Akarudi. Watu wakacheka jambo, akainuka tena, amebana kanga mbele.

"Mimi naijua ile kuinuka," alisema Mama Maziwa. "Nikamwona. Nikafurahi, wallahi, sitakudanganya. Nilifurahi mpaka jioni."

"Na jioni?"

Alipangusa meza yangu kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Jioni chai haikupita hapa," akagusa koo. "Nikamwaza anavyokaa karibu na mlango. Haya, mtibu. Mpe mpango wake, si wangu. Mwili yake ni nyingine. Na asipone haraka kuliko mimi."

Nilimwambia hilo siwezi kuahidi. Nikamwambia pia kwamba sasa atoke, kwani mgonjwa ana haki ya kuzungumza na mimi peke yake. Alibisha, akaomba akae nyuma ya pazia, akaomba akae mlangoni, tukaafikiana akae kwenye benchi la nje. Nikafunga mlango.

Yule mke mdogo akangoja mpaka hatua zikaisha. Kisha akainua macho, mazuri, yaliyochoka, akaniuliza polepole:

"Daktari, huyu kweli alikuwa na shida hii? Na akapona?"

"Dada," nikamjibu, "habari za mgonjwa mmoja simwambii mgonjwa mwingine. Hata ningejua, nisinge..."

"Mwambie nimepona!" ikaja sauti kutoka ng'ambo ya mlango.

Yule mwanamke akaziba mdomo kwa mkono. Kicheko kikampita katikati ya vidole, akashtuka, akabana magoti, akanitazama kwa aibu.

"Usijali," nikamwambia, nikimsogezea kiti. "Tutaanzia hapo hapo."

Sauti ikarudi mlangoni: "Lakini usimwambie ilinichukua muda gani!"